Mtetemo wa Kila Alhamisi

Simu iliingia Jumatatu asubuhi, Mama Mawimbi akiwa jikoni anachambua mchele. Aliyepiga ni binti mmoja mtunza kumbukumbu wa kituo cha utafiti wa bahari na ardhi, sauti yake ya heshima na ya haraka. Kituo kinahamia jengo jipya, alisema. Karatasi za zamani za mitambo, maboksi mia mbili na ushei, zinakwenda kusagwa Ijumaa. Mkurugenzi kasema kama yupo mtu atakayetaka kuchukua chochote kabla hazijaondoka, basi ni yule mwandishi mzee wa gazeti.

“Mwandishi mzee,” Mama Mawimbi alirudia akiweka simu chini. “Umesikia ninavyoitwa?”

Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu bila kustaafu ubishi, hakuinua macho kwenye gazeti. “Una miaka sitini na miwili. Wamekuonea wapi?”

“Wanatupa karatasi za Fundi.”

Hapo mzee akakunja gazeti. Akamtazama mkewe jinsi alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliojua jibu lakini hawataki kulisema. “Utakwenda lini?”

“Alhamisi.”

“Hilo nilijua. Nimeuliza ili nionekane ninajali.”

Jina la Mama Mawimbi hakupewa na wazazi. Alibandikwa na wenzake wa meza ya michezo, watu wasiokuwa na dogo, mwaka alipoanza kuandika habari za utafiti. Kuogelea hajui mpaka leo. Mhariri alimpa nusu ukurasa, ukurasa wa kumi na moja, chini ya matangazo ya vyumba vya kupanga, akamwambia ajaze. Kazi ile hakuna aliyeitaka. Wajanja walikimbilia siasa, waliobaki wakakimbilia mpira, na yeye alikuwa mgeni mwenye mtoto mchanga, akaipokea shingo upande. Baada ya miezi sita, ambaye angethubutu kumnyang’anya nusu ukurasa ule angekiona cha mtema kuni.

Kila Alhamisi alipanda kilima kwenda kituoni kwa pikipiki nyekundu aliyoachiwa na mjomba wake. Ilikuwa pikipiki ya kubembelezwa. Stendi yake ilikatika zamani, kwa hiyo ilisimama kwa kuegemezwa ukutani, na makanika alimwonya kwamba baada ya kupanda kilima asiizime papo hapo, aiache ingurume kidogo ipumue. Basi akifika aliiegemeza kwenye ukuta wa mwisho wa jengo, penye kivuli, akaiacha inanguruma huku yeye akivua kofia, akifunga kilemba upya, akijikung’uta vumbi na kutafuta kalamu kwenye mkoba. Dakika nne hivi. Halafu akaizima, akaingia ndani.

Ndani kulikuwa na Fundi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno ya kuhesabu, penseli sikioni, ambaye kazi yake ilikuwa kuitunza mitambo ya kituo na kusoma ilichoandika. Mtambo alioupenda kuliko yote ni wa kupima mitetemo ya ardhi. Ulikuwa na silinda iliyozungushiwa karatasi, ikizunguka polepole mchana kutwa, na kalamu nyembamba ikichora mstari. Ardhi ikitulia, mstari unanyooka. Ikitikisika, hata nchi ya mbali, kalamu inacheza. Kila asubuhi Fundi alibandua karatasi ya jana, akaiandika tarehe, akavisha mpya. Mtambo ule aliuita Bi Mkubwa, kwa sababu, alivyosema, hakuna kinachompita.

“Karibu, dada. Kaa. Chai hiyo hapo. Maji kujaa, mita tatu na nusu. Joto la maji juu, ishirini na nane. Mita hamsini chini, ishirini na nne. Bi Mkubwa kasikia matetemeko mawili, ya mbali yote, hayatuhusu. Andika.”

Naye aliandika. Kutoka kwenye vijitakwimu vile, ambavyo mtu mwingine angevitumia kufungia karanga, alitoa habari ambazo watu walizikata na kuzihifadhi. Aliandika jinsi udongo mwekundu wa mashamba ya bara ulivyokutwa chini ya bahari, safari ya siku nzima kutoka ufukweni. Aliandika kwa nini kisima cha mtaa wa chini kilianza kuwa na chumvi. Kila mara alimuuliza Fundi kwa nini, halafu akauliza tena, na Fundi alijibu bila kuchoka, akichora kwa penseli nyuma ya karatasi iliyoharibika. Chumba kilinukia wino na chai ya tangawizi. Ukimuuliza leo ni wapi alipokuwa na furaha maishani mwake ukiacha nyumbani, hatafikiri mara mbili.

Mwanasayansi mkuu wa kituo waliyemwita Daktari alikuwa kijana bado, viatu vinang’aa, akili nyingi na haraka nyingi zaidi. Ni yeye aliyegundua kwenye karatasi za Bi Mkubwa kitu cha ajabu: mtetemo mdogo, wa karibu sana, kila Alhamisi, saa nne asubuhi au dakika chache kabla. Wiki ishirini na sita mfululizo. Alizizungushia duara nyekundu zote. Huenda, alisema, ni mwamba chini ya kilima unaoelemewa na uzito wa bahari. Huenda kuna ufa. Alikwisha andika makala ya kwenda kuisoma kwenye mkutano wa wataalamu ng’ambo.

Fundi alijikuna kichwa. “Mimi sijasoma kama Daktari,” alimwambia Mama Mawimbi pembeni, “lakini bahari haijui Alhamisi. Maji yanafuata mwezi. Leo yanajaa saa nne, kesho karibu saa tano. Wiki ni mambo yetu sisi watu.”

Nyumbani mumewe alisema vilevile, na akachora na jedwali. Lakini Mhariri alikuwa amekwisha kuisikia ile habari, na alitaka kuiweka ukurasa wa kwanza, mahali ambapo Mama Mawimbi hakuwahi kukanyaga. Alitoa sharti moja tu: zile “huenda” zitoke, kwa maana kichwa cha habari hakiwezi kusimama na huenda. Akazitoa. Tuseme ukweli, alizitoa haraka, kabla hajabadili mawazo. ARDHI YATETEMEKA KILA ALHAMISI, kwa herufi nene, na jina lake chini. Baba yake alinunua nakala saba.

Mwezi uliofuata mtoto wake alishikwa na surua. Akakaa nyumbani Alhamisi mbili. Ya tatu akapanda kilima, akaegemeza pikipiki ukutani, akavua kofia, akaanza kufunga kilemba. Dirisha la chumba cha mitambo likafunguka kwa kishindo, Fundi akatoa kichwa.

“Dada! Usiizime!”

“Kuna nini?”

“Iache hivyo hivyo. Haya, sasa zima.”

Akazima.

“Washa.”

Akawasha, kwa teke la tatu.

“Zima tena. Njoo ndani uone.”

Kwenye karatasi ya Bi Mkubwa kalamu ilikuwa imecheza, ikatulia, ikacheza, ikatulia. Ukuta ule alioegemeza pikipiki ndio ukuta wa chumba cha mtambo. Wiki mbili alizokuwa nyumbani na mtoto, mstari ulikuwa umenyooka kama rula. Fundi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akicheka kwa sauti, alianza kucheka, kicheko cha kupanda na kushuka kama pampu ya maji, mpaka akalazimika kushika meza. Naye Mama Mawimbi akacheka, akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Ufa chini ya kilima ulikuwa yeye.

Halafu akaukumbuka ukurasa wa kwanza, kicheko kikamkatika kooni.

Fundi akamsogezea kiti. “Sikiliza, dada. Nimekwambia wewe kwanza kwa sababu ni mambo yako. Daktari yuko safarini, anarudi Jumatano. Niachie nimwambie mwenyewe, taratibu, asiaibike. Ana fomu zangu mezani za kwenda mafunzo ya miezi sita, anasubiriwa yeye tu atie saini. Nipe wiki moja. Halafu andika utakavyo.”

“Nakupa,” alisema Mama Mawimbi, na alimaanisha.

Jumatatu mwalimu mkuu wa shule moja akapiga simu gazetini. Tangu habari ile itoke, alisema, wao huwatoa watoto wote madarasani Alhamisi saa nne na kuwakalisha uwanjani mpaka saa tano, kwa usalama. Wiki iliyopita wawili walianguka kwa jua kali. Alikuwa anauliza tu, kwa adabu kabisa, waendelee hivyo mpaka lini.

Huyo ni mmoja aliyepiga. Wasiopiga ni wangapi? Alhamisi nyingine ilikuwa siku tatu mbele. Mama Mawimbi alikaa mbele ya taipureta, akiwa roho juu. Simu ya kituo ilikuwa ofisini kwa Daktari, na katibu wake alikuwa na masikio marefu. Lakini kilima kilikuwa dakika ishirini kwa pikipiki, na hakupanda. Hilo ndilo lililomwandama miaka yote. Kuandika haikuwa tatizo, angeandika tu, watoto walikuwa juani. Ila angeweza kupanda kwanza akamwambia Fundi ana kwa ana kwamba ile wiki hatampa. Aliona haya, akaogopa Fundi atasema hapana, akajidanganya kwamba ataelewa. Akaandika.

Masahihisho yalitoka Jumatano, ukurasa wa kwanza, Mhariri akicheka mpaka akavua miwani. Mama Mawimbi hakujificha: alisema ni kosa lake, ni pikipiki yake, na ni yeye aliyeondoa tahadhari za wanasayansi. Akaongeza kwamba aliyegundua ni fundi makini wa kituo, akidhani anampamba. Daktari aliisoma habari ile kwenye kiti cha gari akitoka safari. Mkutano wa ng’ambo ukamponyoka, na hasira zake zikatafuta mtu wa karibu. Kwenye mafunzo ya miezi sita alikwenda mtu mwingine. Mama Mawimbi aliambiwa na mlinzi wa getini, baadaye sana.

Alhamisi tatu hakuthubutu kupanda. Wiki tatu wasomaji wake walisoma habari za konokono wa baharini. Ya nne akajikaza, akaenda. Langoni palikuwa na kibao kipya: VYOMBO VYA MOTO MARUFUKU KUPITA HAPA. Akaiegemeza pikipiki kwenye kibanda cha mlinzi, akatembea hatua mia moja na zaidi mpaka mlangoni.

Fundi alikuwa amemimina chai tayari.

“Fundi, lile jambo...”

“Maji kujaa, mita tatu na robo,” alisema Fundi, macho kwenye daftari. “Andika.”

Basi. Miaka kumi na mitatu zaidi walikaa chumba kile kila Alhamisi, na lile jambo halikutajwa. Waliulizana hali za watoto. Mama Mawimbi alipofiwa na mama mkwe, Fundi akaja mazishini. Fundi alipostaafu, yeye ndiye aliyesimama kutoa hotuba, akasema mengi mazuri na yote ya kweli, na lile moja akalimeza. Fundi akahamia kwa binti yake, mji mwingine. Namba yake ikabaki kwenye simu ya Mama Mawimbi, miaka mingine kumi na mitatu, haijawahi kupigwa. Kila alipoishika alijiuliza lile lile: mtu yule alimimina chai kwa kusamehe, au kwa adabu tu? Maana adabu Fundi alikuwa nayo ya kumtosha hata adui.

Alhamisi mumewe alimpeleka kwa gari lake, ambalo betri yake ilikuwa hoi hivi kwamba likizimwa ovyo mnalala hapo. Lango lilikuwa wazi, kibanda cha mlinzi hakina mtu, kibao kimeanguka kifudifudi kwenye majani. Mzee alimshusha mlangoni. “Nenda polepole na goti lako,” alisema. “Mimi nitatafuta kivuli.”

Binti mtunza kumbukumbu alikuwa ameyapanga maboksi kwa kufuata miaka, ukuta mpaka ukuta, chumba kile kile cha mitambo. Bi Mkubwa hakuwepo, alikwisha ondolewa zamani, na pale alipokuwa pamebaki nguzo fupi ya zege. Mama Mawimbi aliweka mkoba wake juu yake, akavaa miwani.

“Unatafuta mwaka gani, mama?”

Alitaja mwaka. Vidole vyake vilizijua karatasi zile, ugumu wake na ule ubaridi wake. Akazikuta Alhamisi za Daktari zenye duara nyekundu. Akaikuta siku ile ya kuwasha na kuzima, na pembeni ya michoro, kwa penseli, mwandiko mdogo wa kulala: *Dada. Zima. Washa. Zima.* Akatabasamu. Kisha akageuza kwenda Alhamisi iliyofuata, siku moja baada ya masahihisho kutoka.

Mstari ulikuwa umenyooka. Saa nne, kwa penseli: *Hakuja.*

Alhamisi iliyofuata: *Hakuja.*

Iliyofuata: *Hakuja.*

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alhamisi ya nne mstari ulionekana umenyooka pia, mpaka ukiusogeza machoni. Palikuwa na mkwaruzo mdogo, kiasi cha ncha ya ukucha, ambao mtu asiyejua pa kutazama asingeuona kamwe. Kando yake Fundi aliandika: *Amefika. Kaegesha langoni. Mbali mno.*

“Nipe boksi linalofuata,” Mama Mawimbi alisema. “Na lile la pembeni yake.”

*Amefika. Amefika. Amefika, kachelewa. Amefika na mvua. Hakuja, kafiwa na mama mkwe. Amefika. Amefika, kabadilisha pikipiki, hii ina kelele za kitoto.* Boksi baada ya boksi, miaka kumi na mitatu, na Alhamisi haikurukwa hata moja. Kabla hajamkaribisha, kabla ya chai na mita tatu na nusu, Fundi alikuwa amekwisha kumsikia langoni na kumwandika. Karatasi ya mwisho ya mwandiko ule ilisema: *Amefika. Kuanzia kesho sipo.* Alhamisi zilizofuata mikwaruzo ilikuwepo bado, maana yeye aliendelea kuja, lakini pembeni hapakuwa na kitu. Hapo ndipo Mama Mawimbi alipolia, kwa sauti, bila kujali binti wa watu aliyekimbilia maji.

“Mama, ni karatasi gani unataka kuchukua?”

“Za Alhamisi, mwanangu. Zote.”

Akatoa simu mkobani. Safari hii hakuishika akaiweka. Ikaita mara nne, akaanza kuhesabu ya tano.

“Haloo.” Sauti imezeeka, lakini ni ile ile.

“Fundi. Ni mimi...”

“Nakujua. Leo si Alhamisi?”

“Fundi, ile wiki uliyoniomba. Sikukupa. Wala sikuja kukwambia.”

Upande wa pili, mahali fulani nyuma, redio ilikuwa ikisoma matangazo. “Nilikukasirikia, dada,” Fundi alisema hatimaye. “Sitakudanganya. Nilikukasirikia wiki tatu.”

“Wiki tatu?”

“Zile ulizokuwa huji. Watoto walikuwa juani, ungefanyaje? Andika, sawa. Daktari alikuwa na yake na mimi, angeninyima tu. Lakini kutokuja! Nilikuwa ninachemsha chai nzima, ninaimwaga.”

Mama Mawimbi alikalia boksi la mwaka fulani, simu sikioni, akilia na kutikisa kichwa kama mtu anayeonekana.

“Uko wapi sasa?” Fundi aliuliza.

“Kituoni. Chumbani kwa Bi Mkubwa.”

“Umeegesha wapi?”

Akageuka dirishani. Mzee wake alikuwa amekipata kivuli alichokitafuta. Gari lilikuwa limesogezwa mpaka kioo cha pembeni kinakaribia kugusa mawe ya ukuta, linanguruma, halikuzimwa kwa hofu ya betri, na mwenyewe ndani amefunika uso kwa gazeti. Alipoweka kiganja kwenye ukuta aliusikia unatetemeka.

“Ukutani,” alisema. “Ukutani kabisa, Fundi, na halijazimwa.”

Kikaanza, kile kicheko cha pampu ya maji, kikipanda na kushuka mji wa mbali, na yeye akakidaka pale pale kilipokuwa kimekatikia, wakakicheka mpaka mwisho.